Mtu wa Kwanza wa Mshahara

Mwenye duka afanyaye kazi peke yake hana haja ya kuulizana na mtu juu ya fedha zilizomo katika droo. Akiuza, fedha ni zake. Akila, amekula zake. Na mwezi ukiwa mbaya hujibana akangoja mwezi mwingine. Lakini siku ile amwitapo mtu wa kwanza kuja kumsaidia kwa mshahara, desturi hiyo yakoma, ajapokuwa yeye mwenyewe hajatambua. Tangu siku hiyo katika droo mna mafungu matatu: fungu lake, fungu la mfanyakazi, na fungu ambalo si la mmoja wao, ambalo limewekwa kwake kwa siku chache tu lipate kupelekwa linakopasa. Taabu nyingi za biashara ndogo katika miji ya Kitale na Bungoma hutokana na mafungu hayo kuchanganywa.

Biashara zenyewe zajulikana. Ni poshomili pembeni mwa soko, duka la mbegu na mbolea, karakana ya seremala, saluni, kibanda cha wakala wa M-Pesa, hoteli ya chai na mandazi. Huanza na mtu mmoja na mkewe. Kisha mwezi wa tatu waingia, mvua zakaribia, wakulima wa Trans Nzoia wajaa mjini kutafuta mbegu, na mtu mmoja hawezi tena kupima, kupokea fedha na kuandika daftari kwa wakati mmoja. Au mavuno ya mahindi yafika mwishoni mwa mwaka, na foleni ya magunia yatoka mlangoni mwa poshomili mpaka barabarani. Hapo ndipo mtu humkumbuka mtoto wa dada yake aliye nyumbani, amemaliza kidato cha nne na hana kazi.

Na uchukuliwe mfano wa mwenye poshomili wa Kitale aliyemwita mpwawe kutoka upande wa Kimilili, katika Bungoma. Maneno ya mapatano ya namna hiyo huwa machache. Mjomba husema, "Njoo unisaidie, hutakosa kitu." Kijana hujibu, "Ndiyo, mjomba," maana ni nani awezaye kumwuliza mjomba wake kitu hicho ni kiasi gani? Hulala katika chumba cha nyuma, hula pamoja na jamaa ya nyumbani, na mwisho wa mwezi hutiwa elfu tatu mkononi. Mwezi wa pili hupewa elfu tano. Mwezi wa tatu huambiwa asubiri kwa kuwa karo ya watoto imelipwa. Miaka miwili hupita hivyo kwa amani. Kisha kijana ataka kuoa, aomba haki yake, na mjomba humhesabia ugali wote alioula tangu siku ya kwanza. Undugu umegeuka kesi, na kesi yenyewe haina hata karatasi moja.

Yafaa isemwe wazi kwamba ndugu ndiye mtu wa kwanza apasaye kuandikiwa mapatano, wala si wa mwisho. Mgeni asipolipwa huondoka mapema, na hasara ya pande zote mbili huwa ndogo. Ndugu huvumilia, huona haya, humtuma mama yake amsemee. Na wakati huo wote deni lazidi kukua bila mtu kuliandika. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yawaacha nje wategemezi wa mwajiri, ikiwa wao peke yao ndio wafanyakazi katika shughuli ya jamaa. Wako watu waliolisikia neno hili wakafurahi. Lakini kijana mwenye wazazi wake, aliyeitwa kutoka mbali kwa ahadi ya malipo, si rahisi kumwita mtegemezi mbele ya hakimu. Na siku atakapoongezwa mtu mmoja tu asiye wa jamaa, kinga hiyo imekwisha.

Labda watu huiogopa karatasi ya kazi kwa sababu nchi hii iliijua kwanza kwa njia ya uchungu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuchukua kipande, ambacho alikitia katika kikopo cha bati na kukitundika shingoni. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku aliyomruhusu mtu wake kuondoka. Aliyeondoka bila kuandikiwa ruhusa alihesabiwa kuwa mtoro. Katika mashamba ya walowezi, na Trans Nzoia ilikuwa mojawapo ya nchi zao kubwa, palikuwa pia na tikiti ya siku 30. Mshahara wa mwezi ulilipwa baada ya siku 30 za kazi kutimia na kutiwa alama katika tikiti, si baada ya mwezi wa kalenda, hata mwezi wa mfanyakazi ukawa mrefu kuliko mwezi wa watu wengine. Kipande cha namna hiyo kilikomeshwa mwaka 1947. Kalamu ilikuwa mkononi mwa bwana peke yake, na karatasi ilikuwa ya kumshika mtu asiende.

Karatasi itakiwayo leo ni ya namna nyingine kabisa, maana nakala yake hukaa kwa mfanyakazi. Sheria yataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mapatano ya maandishi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuyaandikisha. Mfanyakazi hutia sahihi au alama ya kidole gumba. Asiyejua kusoma huelezwa yaliyomo kwa lugha aifahamuyo, iwe ni Kibukusu, Kisabaoti au nyingine. Si lazima kumtafuta wakili. Ukurasa mmoja watosha, ikiwa wataja majina, kazi, siku ya kuanza, saa za kazi, mshahara na siku ya kulipwa, likizo, na muda wa kupeana taarifa mtu atakapoacha kazi.

Kuna neno moja katika ukurasa huo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni nyumba. Mwajiri hupaswa kumpa mfanyakazi mahali pa kulala panapofaa, ama marupurupu ya kutosha kukodi chumba. Hati ikisema kwamba mshahara ni shilingi 20,000 na marupurupu ya nyumba yamo ndani yake, jambo limekwisha. Isiposema, mfanyakazi aweza kuja miaka miwili baadaye akadai kwamba fedha za nyumba hakupewa hata mwezi mmoja, na mwajiri asiyeweza kuonyesha hati ndiye awekewaye na sheria mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Mwenye duka hufikiri kwamba kutoandika humwacha huru. Katika mahakama kutoandika humfunga yeye.

Wengine hudhani wameyakwepa haya yote kwa kumwita mtu kibarua na kumlipa kila jioni. Kibarua kwa maana ya sheria ni yule alipwaye mwisho wa siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi au zaidi, au akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika katika jumla ya miezi 3, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Na kazi ya poshomili haimaliziki maadamu watu wala ugali.

Kiasi cha mshahara nacho hakikuachwa kwa hiari ya mtu kabisa. Serikali hutoa agizo la viwango vya chini, na agizo lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 lilipandisha viwango hivyo kwa asilimia 6. Kwa mtu wa kazi za kawaida katika miji iliyokuwa manispaa, kama Kitale na Bungoma, kiwango cha agizo hilo la 2024 kilizidi kidogo shilingi 14,800 kwa mwezi, na marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 huongezwa juu yake. Vijijini kiwango ni kidogo zaidi; kazi za mashamba zina agizo lake; na karani, dereva au fundi huwekewa zaidi. Kwa kuwa maagizo haya hubadilika, ni vema mwenye biashara apite Ofisi ya Kazi kabla ya kutaja kiasi, kuliko kutaja kiasi kisha akaenda huko kwa kuitwa.

Sasa mjomba na mpwawe wamepatana shilingi 20,000, nyumba ikiwamo. Kabla ya mwezi kwisha, mjomba hujiandikisha kuwa mwajiri kwa Mamlaka ya Mapato, yaani KRA, kwa namba yake ya PIN. Hujiandikisha kwa NSSF na kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Na kijana naye hutafuta PIN yake na namba zake mwenyewe. Msaada hupatikana katika Huduma Centre, ambazo zipo Kitale na Bungoma. Watu wengi hupendelea kwenda saiba, na si vibaya; lililo baya ni kumwachia kijana wa saiba neno la siri na namba ya simu yake iwe ndiyo ya akaunti, hata siku atakapohama mji mwenye duka hawezi tena kuufungua mlango wa mambo yake mwenyewe.

Hesabu ya 20,000 ni hii. Mchango wa NSSF kwa mshahara wa kadiri hiyo ni asilimia 6, yaani shilingi 1,200. Wazee waliokuwa wakikatwa shilingi 200 tu hushangaa. Lakini sheria mpya ya mwaka 2013, iliyokawizwa mahakamani miaka mingi, ilianza kutekelezwa Februari 2023. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, yaani shilingi 550. Ada ya nyumba za bei nafuu, kwa sheria ya Machi 2024, ni asilimia 1.5, yaani shilingi 300. Jumla ya makato ni 2,050, na kijana abakiwa na 17,950.

Je, kodi ya mapato? Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa. Kwa viwango vya sheria ya fedha ya mwaka 2023, kodi ni asilimia 10 ya shilingi 24,000 za kwanza, na kila mtu husamehewa shilingi 2,400 kwa mwezi. Asilimia 10 ya 17,950 ni 1,795. Nayo ni ndogo kuliko msamaha, basi kijana hana kodi ya kulipa. Hata hivyo mjomba hupeleka taarifa yake kwa KRA kila mwezi, hata ikiwa kodi ni sifuri. Neno hili limewaponza wengi. Mtu husema, "Mfanyakazi wangu hafikii kodi," akakaa kimya, na adhabu ya kuchelewesha taarifa ni asilimia 25 ya kodi iliyopasa au shilingi 10,000, iliyo kubwa kati ya hizo.

Kuna upande wa pili wa hesabu ambao mjomba hakuufikiria alipokuwa akipatana. NSSF humtaka yeye naye atoe 1,200 kutoka mfuko wake. Ada ya nyumba humtaka atoe 300. Na kwa mafunzo ya viwandani hutoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, ambazo hazikatwi katika mshahara. Hizo ni 1,550. Kwa hiyo mtu wa 20,000 humgharimu mwenye duka 21,550 kila mwezi, kabla ya bima ya ajali kazini, ambayo nayo sheria yaitaka, na mtu ajuaye mkanda wa poshomili unavyoweza kunyakua vidole hataiona kuwa ni anasa. Ikiwa faida ya mwezi haichukui 21,550, ni afadhali kijana aajiriwe kwa miezi ya mavuno peke yake, kwa mapatano yanayotaja miezi hiyo, kuliko kuajiriwa mwaka mzima na kulipwa nusu.

Fedha za kupelekwa, zikijumlishwa zile za kijana na zile za mjomba, ni shilingi 3,600. Hili ndilo fungu la tatu. Mwisho wa kuzipeleka ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ada ya nyumba huhesabiwa kwa siku 9 za kazi, lakini mwenye kuzipeleka zote pamoja hasahau. Hatari yote imo katika siku hizo tisa. Mshahara hulipwa tarehe 30, kijana ashukuru na kwenda zake. Na shilingi 3,600 zabaki kwenye droo zikifanana na shilingi nyingine zote. Tarehe 3 gari la dizeli lafika. Tarehe 5 pana matanga huko Chwele. Tarehe 8 usiku droo ina 900. Hakuna aliyekusudia wizi, lakini fedha za mtu mwingine zimekwisha kutumika. Dawa yake ni kuzipeleka siku ileile ya mshahara, kabla ya duka kufungwa, au kuziweka katika akaunti isiyoguswa kwa jambo lingine.

Na madhara yake hayaonekani mwezi huo. Mfanyakazi aonaye makato katika hati yake hana shaka kwamba yeye ni mtu wa bima. Huenda mwaka mzima hajaugua. Kisha mkewe ashikwa na uchungu wa kuzaa usiku, wafika hospitali, namba yake yaangaliwa katika mashine, na michango haionekani. Wakati huo mume hana la kufanya ila kutafuta fedha kwa jamaa, naye ameshalipa. Sheria huhesabu kukata na kutopeleka kuwa kosa la jinai. Lakini kwa yule aliyesimama dirishani pa hospitali saa nane za usiku neno hilo halimsaidii. Mfanyakazi asingoje usiku huo. Aweza kuuliza mwenyewe kwa simu yake, kila baada ya miezi michache, kama michango yake ya NSSF na ya afya imefika. Wala mwajiri mwaminifu asione kwamba anapelelezwa.

Kwa mwajiri pia iko faida katika kupeleka, nayo haisemwi mara nyingi. Mfanyakazi wa mwezi akomeshapo kazi kwa taarifa hustahili malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Lakini aliyekuwa mwanachama wa NSSF hana dai hilo, maana akiba yake iko huko. Yule aliyedhani ameokoa 1,200 kila mwezi kwa kutomwandikisha mtu wake, huja kuambiwa atoe malipo ya miaka yote kwa mara moja, pamoja na michango aliyoiacha na adhabu zake. Madai ya ajira huweza kuletwa ndani ya miaka 3, na mahakama ya ajira hukaa hata Bungoma, kwa hiyo mdai hana haja ya kusafiri mpaka Nairobi.

Siku ya mshahara yenyewe ina adabu yake. Mshahara hulipwa siku ya kazi, saa za kazi, mahali pa kazi au karibu napo. Na sheria yakataza kuulipa mahali pauzwapo pombe, isipokuwa kwa wale waajiriwa wa mahali hapo. Pamoja na fedha hutolewa hati ya mshahara yenye kuonyesha kiasi chote, kila kato na sababu yake, na kilichobaki. Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni chaweza kutumika: nakala moja kwa kijana, nyingine kitabuni, sahihi mbili. Siku hizi wengi hulipa kwa M-Pesa na kusema kwamba ujumbe wa simu watosha. Ujumbe waonyesha kwamba shilingi 17,950 zimetoka kwa huyu kwenda kwa yule. Hauonyeshi kama ni mshahara wa mwezi wa sita, au mkopo, au ni fedha alizotumiwa akanunue magunia. Simu nazo hupotea. Hati yahitajika hata hapo.

Ndipo mjomba, akiona kazi imesitawi, afungua kibanda cha pili katika mji wa Bungoma, apate kuuza unga na kuwa wakala wa M-Pesa, na kumweka kijana huko peke yake. Hapa mambo huwa magumu zaidi kuliko kote, maana sasa kijana ashika fedha na mjomba yuko mbali. Jioni moja floti yapungua 4,000. Mjomba apiga simu, "Basi zitatoka kwenye mshahara wako." Kijana ajibu, "Mjomba, mteja alinidanganya kwa ujumbe wa uongo." Nani ana haki? Sheria huruhusu kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, ikiwa mapatano yake yalitaja waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Mapatano ya kwanza yalikuwa ya kusaga mahindi. Hayakutaja fedha. Basi kabla ya kumkabidhi kijana ufunguo wa Bungoma, mjomba alipaswa kuandika mapatano mapya, yenye kazi mpya na, kwa haki, mshahara mpya. Na upungufu uchunguzwe kwanza, ndipo ukatwe kama kosa limeonekana.

Na ukikatwa, kuna kikomo. Makato yote pamoja, hata yakiwa ya halali, yasipite theluthi mbili za mshahara. Jambo hili lahusu hasa advansi, ambayo ni desturi ya miji yetu: karo mwezi wa Januari, matanga, mtoto mgonjwa. Mwajiri mwema hatakataa kumsaidia mtu wake, lakini aandike kila advansi siku ileile aitoapo, na kijana atie sahihi, wapatane itarudishwa kwa miezi mingapi. Iko namna ya wema iliyo mbaya kuliko ugumu wa moyo: mwajiri hutoa 500 leo na 1,000 kesho bila kuandika, na mwisho wa mwezi yeye akumbuka 7,000 na mfanyakazi akumbuka 4,500, na wote wawili wasema kweli kwa kadiri ya kumbukumbu zao.

Likizo haina maneno mengi. Baada ya miezi 12 ya kazi mfanyakazi hustahili siku 21 za kazi kwa mshahara kamili, na kila juma siku moja ya kupumzika. Kwa biashara yenye mtu mmoja maana yake ni kwamba duka la Bungoma lahitaji mtu mwingine kwa siku hizo 21, naye alipwe; heri fedha zake ziwekwe kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza. Miezi ya kungoja mvua, kabla mbegu hazijaanza kuulizwa, yafaa kwa likizo kuliko miezi ya mavuno, na mpwa mwenyewe atapenda kuwa nyumbani wakati wa kulima.

Siku ya kuachana ikifika, iwe kijana amepata kazi kwingine au biashara imepungua, taarifa hutolewa kwa maandishi kama mapatano yasemavyo. Hulipwa siku alizofanya kazi katika mwezi huo, na likizo ambayo hakuichukua. Advansi iliyobaki hutolewa humo, na hati ya mwisho hutiwa sahihi na wote wawili. Kisha mwajiri humwandikia cheti cha utumishi chenye jina lake, kazi aliyoifanya, siku ya kuanza na siku ya kwisha. Cheti hicho ni haki ya mfanyakazi hata kama wameachana kwa ugomvi, wala mwajiri halazimiki kuandika humo sifa wala lawama. Mapatano ya kazi hutunzwa miaka 5 baada ya mtu kuondoka, na kitabu cha mishahara yafaa kiwekwe pamoja nayo, mahali pasipofikiwa na panya wala maji ya mvua.

Juma lijalo: bima ya mfanyakazi aumiaye kazini, na jinsi ya kupeleka habari ya ajali.